Hoteli, Mikahawa na Makumbusho ya Kale ya George Town, Penang: Mwongozo Kamili wa Siku Mbili

George Town, mji mkuu wa jimbo la Penang nchini Malaysia, huwachanganya wageni kwa jambo moja. Majengo yake mazuri kupita yote hayana geti la serikali wala kibanda cha tiketi. Moja ni hoteli inayolaza watu hadi leo, jingine ni mkahawa unaopakua wali tangu 1907, jingine ni nyumba ya ukoo ambamo wenyewe bado huwafukizia wazee wao ubani. Kila jengo lina saa zake na mlango wake. Anayetokea alasiri bila mpango huishia kupiga picha za kuta kwa nje, kisha akaondoka akidhani ameuona mji.

Siku mbili zinatosha, mradi uzipange kwa kufuata jua na saa za kufungua. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa nne asubuhi ndiyo utakayoiona kwenye kibao ikiwa 10.00.

Kabla ya safari

Jaza kadi ya kidijitali ya kuingilia Malaysia, inayofahamika kwa kifupi MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Hujazwa kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji na ni bure kabisa. Tovuti inayokudai pesa si yenyewe. Picha ya uthibitisho ihifadhi kwenye simu, kwa maana intaneti ya uwanja wa ndege huweza kukuangusha ukiwa tayari kwenye foleni.

La pili ni kadi ya njano. Malaysia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka, au waliokaa zaidi ya saa 12 za kuunganisha ndege, katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Kenya, Uganda na Kongo zimo. Wanaotoka Tanzania nao waibebe, hasa ndege ikipitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa. Wengi hukwama kwenye tarehe: cheti huanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanja wiki moja kabla ya safari, una karatasi tu, huna cheti. Ukishachanja mara moja, hudumu maisha.

Adapta ya umeme usinunue. Plagi za Malaysia ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia Afrika Mashariki, na volti ni 240.

Kuhusu majira: joto halibadiliki sana mwaka mzima, ila mvua huzidi kuanzia Septemba hadi Novemba, na mara nyingi humwagika mchana au jioni. Wiki ya Mwaka Mpya wa Kichina epuka kama shabaha yako ni mikahawa, maana ile midogo ya Wachina hufunga siku kadhaa na vyumba hupanda bei. Mwezi wa Ramadhani mikahawa ya Waislamu hulala mchana na kuamka jioni, nayo masoko ya futari hupendeza mno, lakini ratiba ya milo iliyomo humu itabidi uigeuze.

Kufika, na kutembea mjini

Uwanja wa ndege uko Bayan Lepas, kilomita 16 hivi kusini mwa mji wa kale. Teksi ya programu ya simu ndiyo rahisi. Basi la Rapid Penang namba 401 huenda mjini kwa ringgit (sarafu ya Malaysia) chache, ila dereva hana chenji wala hahusiki nayo: ukimpa noti ya ringgit 50, ama utashuka ama utamwachia. Vunja pesa ukiwa bado ndani ya uwanja.

Kutoka Kuala Lumpur, treni ya umeme ya ETS hutumia kama saa nne hadi Butterworth, upande wa bara. Kituo cha feri kiko hapo hapo, unatembea tu kwenye njia iliyoezekwa. Feri huvuka kwa muda usiozidi dakika 20 na kukushusha Weld Quay, ukingoni mwa mji wa kale. Kama hauna haraka, ingia kwa njia hii: bahari ndiyo iliyoleta biashara iliyojenga nyumba hizi, na ukitoka bandarini mpangilio wa mitaa unaeleweka wenyewe.

Mjini kuna basi la bure la CAT linalozunguka kutoka Weld Quay hadi jengo refu la Komtar na kurudi. Litumie saa za jua kali tu. Mji wenyewe ni wa miguu.

Ramani itakuchezea shere kwenye majina ya mitaa, kwa sababu kila mtaa una jina la Kimalay na la Kiingereza. Lebuh Pantai ni Beach Street. Lebuh Gereja ni Church Street. Jalan Masjid Kapitan Keling wazee wa mji bado wanaiita Pitt Street. Andika yote mawili kabla ya kutoka.

Njia za waenda kwa miguu ni baraza zilizofunikwa mbele ya maduka, ambazo sheria ya zamani iliwalazimisha wenye nyumba kuziacha wazi ili watu wapite bila jua wala mvua. Siku hizi zimejaa pikipiki, majiko na meza. Kimo cha sakafu hubadilika kila nyumba, na kati ya baraza na barabara kuna mtaro wazi wenye kina cha kutosha kumvunja mtu mguu. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona mwenyeji, ila macho yawe chini. Mwenye kiti cha magurudumu au mtoto wa kusukumwa atalazimika kupita barabarani karibu kila mahali.

Ulale wapi

Chaguo la kwanza ni hoteli kubwa ya kihistoria, Eastern & Oriental, ambayo kila mtu huiita E&O. Waliianzisha ndugu wa Sarkies, Waarmenia wenye asili ya Uajemi, mwaka 1885. Ukoo huo huo ulifungua Raffles ya Singapore mwaka 1887 na Strand ya Yangon mwaka 1901. Hapa Penang aliyetia fora ni Arshak Sarkies: aliitanua hoteli kwa pesa nyingi miaka ya 1920, mdororo wa uchumi ukamkuta, na mwaka 1931 kampuni ya familia ikafilisika. Hoteli ilifungwa 1996 kwa ukarabati, ikafunguliwa tena 2001.

Unapoweka chumba, soma jina la jengo. Kuna jengo la kale na kuna lile jipya liitwalo Victory Annexe, lililofunguliwa 2013 na kujengwa kwa mtindo wa kufanana. Kwenye picha ni vigumu kuyatofautisha. Jengo jipya si baya, lakini kama umekuja kwa ajili ya historia, hakikisha neno Heritage limo kwenye uthibitisho wako.

Chaguo la pili ni hoteli ndogo ndani ya nyumba za kale za duka chini na makazi juu. Nyumba hizi ni nyembamba mbele na ndefu sana kwenda nyuma, na katikati zina uwazi usio na paa wa kuingiza mwanga na hewa. Kutokana na umbo hilo, vyumba vya katikati mara nyingi havina dirisha la nje. Dirisha hufunguka kwenye uwazi huo, na mazungumzo ya jirani unayasikia yote. Uliza mambo matatu kwa ujumbe kabla ya kulipa: je, chumba kina dirisha la nje, ngazi ni za mbao na zina mwinuko gani, kuna lifti? Jibu la lifti karibu daima ni hapana. Sakafu za mbao hupitisha kila hatua ya aliye juu yako, basi omba ghorofa ya mwisho kama usingizi wako ni mwepesi.

Bei yenye alama mbili za kujumlisha mbele yake haijakamilika. Kwenye hoteli ongeza asilimia 10 ya huduma na kodi ya asilimia 8: chumba cha ringgit 400 hugeuka karibu 475. Juu yake mgeni wa nje hulipa kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa chumba kwa kila usiku, na Penang ina ada yake ndogo ya ringgit mbili tatu. Hizi mbili za mwisho hudaiwa mapokezini hata kama ulilipia chumba mtandaoni, na hapo ndipo ugomvi mwingi huzuka. Si wizi.

Siku ya kwanza: upande wa kaskazini

Saa mbili asubuhi, kabla jua halijachachamaa, anza na makaburi ya Waprotestanti kwenye Jalan Sultan Ahmad Shah. Ni bure. Chini ya miti ya asumini-mzungu amezikwa Francis Light, aliyeichukua Penang kwa niaba ya Kampuni ya India ya Mashariki ya Waingereza mwaka 1786 na kufariki hapo 1794. Dakika 20 zatosha.

Tembea dakika tano kuelekea mashariki hadi E&O. Huhitaji kulala humo ili kuingia. Ukumbi wa mapokezi, baa na mikahawa viko wazi kwa mgeni yeyote aliyevaa kistaarabu. Bwawa na korido za vyumba ni za wenye vyumba. Ingia kwa mlango mkuu, msalimie bawabu, simama katikati kabisa chini ya kuba na useme neno kwa sauti ya kawaida: utasikia sauti yako ikirudi kutoka juu kana kwamba kuna mtu anakuigiza. Hatua mbili pembeni, mwangwi umepotea. Kisha toka nyuma kwenye ukingo wa bahari, uone mizinga na mti mkubwa wa kale. Asubuhi hiyo usinunue kitu, utarudi.

Saa nne uwe Lebuh Leith, namba 14, kwenye nyumba ya buluu ya Cheong Fatt Tze. Kama una pesa ya tiketi moja tu katika mji mzima, itumie hapa. Mwenye nyumba alizaliwa kijijini Guangdong mwaka 1840, akahamia Batavia (Jakarta ya leo) akiwa kijana maskini, akatajirika kwa biashara iliyotanda visiwa vyote vya eneo hili, na akafika kuwa balozi mdogo wa dola ya Qing ya China hapa Penang. Nyumba ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19: vyumba 38, nyua tano, ngazi saba na madirisha 220. Katika wosia alizuia isiuzwe hadi mwanawe wa mwisho afe. Huyo alifariki 1989, na wakati huo nyumba ilikuwa imejaa wapangaji na kuoza. Kundi la watu wa Penang likainunua, likaikarabati, na mwaka 2000 likapata tuzo ya UNESCO ya Asia na Pasifiki. Sasa ni hoteli yenye mkahawa ghorofani, kwa hiyo ziara ya kuzunguka ina saa maalumu. Thibitisha kwenye tovuti yao siku moja kabla, na uwahi robo saa. Tenga ringgit 25 hadi 30.

Ukiwa ndani, tazama ukuta kwa karibu. Ile buluu si rangi ya kopo. Ni chokaa iliyochanganywa na nili. Matofali ya kale hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, nayo chokaa huuacha utoke. Ukipaka rangi ya kisasa ya plastiki au ukiziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya rangi, na plasta inabanduka vipande vipande. Ukishaliona hili, utazitambua mtaani nyumba zilizokarabatiwa na wasiojua: zina malengelenge chini, usawa wa goti.

Kisha inua macho kwenye ukingo wa paa. Ndege na maua ya pale hayakuchongwa. Fundi alichukua mabakuli ya kauri yenye rangi, akayakata kwa koleo vipande vya ukubwa wa ukucha, akavipachika kimoja kimoja kwenye plasta mbichi. Mviringo wa bakuli ndio unaolipa ua mkunjo wake. Simama ua wa kati pia, uone maji ya mvua yanavyoongozwa kutoka paani hadi sakafuni kabla ya kutoka: kwa imani yao maji ni mali, hayaachwi yakimbie.

Chakula cha mchana, saa tano na nusu na isizidi saa sita, ni Hameediyah, Lebuh Campbell. Ulifunguliwa 1907 na ndio unaohesabika kuwa mkahawa mkongwe kuliko yote wa nasi kandar, wali na mchuzi wa Waislamu wenye asili ya Kitamil. Hatua ni hizi: panga foleni kwenye kaunta, taja wali, chagua nyama moja, mboga moja (bamia ni chaguo lisilokosea), na yai la chumvi ukipenda, kisha sema *kuah campur*, yaani akuchanganyie michuzi kadhaa. Ukitaka wali uogelee, sema *banjir*. Mpakuaji ana kasi na hana subira, basi uwe umeshaamua kabla ya zamu yako.

Malalamiko ya bei hapa yana chanzo kimoja: kamba wakubwa, ngisi na mayai ya samaki huuzwa kwa kipande au uzito, bila kibao. Ukinyooshea kidole kamba mmoja bila kuuliza, sahani ya ringgit 15 inaweza kufika mara tatu yake. Uliza *berapa?*, yaani bei gani, kabla hajaweka kijiko. Sahani ya kuku na mboga kwa kawaida haivuki ringgit 20. Chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka juu, *teh tarik*, huja na sukari ya kufa mtu; sema *kurang manis*, yaani utamu upunguzwe. Sinki la kunawia liko ukutani, na kula kwa mkono wa kulia hakuna atakayekushangaa. Ijumaa jihadhari: mikahawa mingi ya Waislamu husimamisha kazi kwa sala ya Ijumaa.

Lala mchana. Ni ushauri wa dhati. Kati ya saa saba na saa tisa mji ni tanuri.

Saa tisa na nusu rudi E&O kwa chai ya alasiri, uliyoiwekea nafasi kwa simu siku moja au mbili kabla, hasa Jumamosi na Jumapili. Bei ya mezani huongezwa asilimia 10 ya huduma na asilimia 6 ya kodi ya chakula, yaani 100 huwa 116. Kandambili na fulana zisizo na mikono utazuiwa nazo. Muislamu aulize wakati wa kuweka nafasi, si mezani, kuhusu vyakula vya menyu ile. Kama bei ya chai kamili imekushinda, agiza kinywaji kimoja baa: unakaa ndani ya jengo lile lile kwa sehemu ndogo ya gharama.

Siku ya pili: kutoka Lebuh Gereja kwenda kusini

Pinang Peranakan Mansion, namba 29 Lebuh Gereja, hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Uwe mlangoni dakika hiyo. Saa moja baadaye mabasi ya watalii hufika na vyumba havipitiki. Ilijengwa miaka ya 1890 na Chung Keng Quee, kiongozi wa Wachina aliyepata utajiri kwenye migodi ya bati ya jimbo jirani la Perak, na sasa inaonyesha maisha ya Waperanakan, yaani kizazi cha wahamiaji wa Kichina waliochukua mavazi, mapishi na maneno ya Kimalay. Nguzo za chuma zilitoka Uskochi, vigae vya sakafu Uingereza, milango ya kuchongwa ni kazi ya Wachina. Vitu vya kale ni zaidi ya elfu moja na maelezo ni haba, hivyo usizunguke peke yako: ungana na ziara ya kuongozwa, ambayo kwa kawaida imo kwenye tiketi. Mwombe mwongozaji akuonyeshe viatu vya shanga. Shanga zake ni ndogo kuliko punje ya mtama, na msichana aliyetarajia kuolewa alipimwa ustahimilivu kwa kazi hiyo.

Ngome ya Cornwallis iko dakika chache kutoka hapo. Kuta, mizinga, na ngome ambayo haijapigana vita hata siku moja. Ukiwa na haraka, ipite.

Shuka Jalan Masjid Kapitan Keling taratibu. Kanisa la St George la 1818, hekalu la mungu wa rehema wa Kichina na hekalu la Kihindu vinafuatana kwa umbali wa kutupa jiwe. Msikiti wa Kapitan Keling ulianzishwa 1801 na Waislamu wa India. Watalii huruhusiwa nje ya nyakati za sala na huazimwa majoho. Anayekuja kuswali anaingia tu. Adhuhuri huangukia baada ya saa saba mchana.

Endelea hadi Lebuh Armenian, namba 120. Nyumba hii ndogo ndiyo iliyokuwa kituo cha Sun Yat Sen, kiongozi wa mapinduzi ya China, mwaka 1910, yeye na wenzake walipopanga maasi ya Guangzhou ya mwaka uliofuata. Ingia hata kama siasa za China hazikuhusu, kwa sababu ndiyo nafasi yako bora ya kuiona nyumba-duka nzima kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Kiingilio ni ringgit chache, taslimu.

Khoo Kongsi, nyumba ya ukoo wa Khoo, iko nyuma tu, lakini usipoangalia utazunguka mara mbili bila kuiona. Mlango ni uchochoro mwembamba kutoka Lebuh Cannon. Ukoo ulijificha hivyo makusudi, enzi ambazo vyama vya siri vilipigana mitaani, hadi ghasia kubwa za 1867. Jengo la awali liliungua 1901, na hili la sasa ni la 1906. Ghorofa ya juu ndiyo yenye uhondo, ila usiache vyumba vya chini vinavyoeleza ukoo ulivyojiendesha kwa kodi za nyumba zake.

Maliza Lebuh Acheh, kwenye msikiti ambao watalii wengi huupita. Uliasisiwa 1808 na Tengku Syed Hussain Al-Aidid, mfanyabiashara kutoka Aceh mwenye asili ya Hadhramaut, tawi la masharifu wale wale ambao jamaa zao walifika Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kaburi lake liko karibu. Kabla ya enzi za ndege, mahujaji wa eneo hili walikusanyika mtaa huu kungoja meli za Jeddah, na maduka yakawauzia vitabu, nguo na tiketi. Mnara una pembe nane. Karibu nusu ya kimo chake kuna tundu la duara. Wenyeji husema ni la risasi ya mzinga wa 1867.

Mlo wa mwisho uwe wa Kinyonya, mapishi ya Waperanakan, na hapa Muislamu awe makini. Mingi ya mikahawa hiyo hupika nguruwe. Kibao cha "hakuna nguruwe" hakimaanishi halali: nyama yaweza kuwa haikuchinjwa, na divai ikawamo kwenye mchuzi. Tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, au nenda kwenye mikahawa ya Wajawi Peranakan, Waislamu waliochanganya damu ya India, Uarabuni na Kimalay, inayopatikana Lebuh Armenian na jirani yake.

Nyumba za kupigia picha za mzaha zinazojiita makumbusho zimejaa katikati ya mji, na tiketi zake nyingi ni ghali kuliko ya nyumba ya buluu. Watoto huzifurahia, jengo la kale ndani yake usilitarajie.

Ukiondoka kwa ndege, toka mjini ukiwa umebakiwa na muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka, kama ni jioni ya siku ya kazi. Barabara ya Bayan Lepas hupita kwenye viwanda vya elektroniki, na zamu zikitoka, safari ya nusu saa hufika saa nzima na zaidi.